Marehemu Bibi Eglantyne Jebb na Watoto wa Adui

Kamati imeniomba nieleze katika kijitabu hiki maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa Uingereza, nchi tuliyohamia wengi wetu, ili vijana waliozaliwa huku wapate kusoma habari yenye manufaa kwa Kiswahili. Nimemchagua marehemu Bibi Eglantyne Jebb, na sababu yangu mtaiona.

Alizaliwa mwaka 1876 huko Ellesmere, Shropshire, katika ukoo wenye uwezo. Alisoma historia Oxford, akafundisha watoto wadogo kwa muda mfupi, akaiacha kazi ile maana hakuiweza. Hakuolewa, hakuzaa, wala hakuwa mtu wa kupenda kuchezacheza na watoto. Huruma yake ilikuwa ya kalamu, picha na hesabu.

Vita Kuu ya Kwanza viliposimama Novemba 1918, manowari za Uingereza na washirika wake ziliendelea kuzuia vyakula visifike Ujerumani na Austria. Watoto wa Vienna walidhoofu kwa njaa. Eglantyne na mdogo wake, Dorothy Buxton, waliyajua hayo kwa kuwa Dorothy alikwisha kuzoea kufasiri magazeti ya nchi za adui tangu wakati wa vita. Basi Aprili 1919 Eglantyne akasimama katika uwanja wa Trafalgar, London, akigawa karatasi zenye picha ya mtoto aliyekondeana kwa njaa. Akakamatwa, kwa sababu karatasi zile hazikupata idhini ya serikali. Mahakama ilimtoza faini ya pauni 5. Husimuliwa kwamba mwendesha mashitaka mwenyewe, Sir Archibald Bodkin, alimpa pauni 5 kutoka mfukoni mwake, nazo zikaingia katika mfuko wa watoto.

Tarehe 19 Mei mwaka ule ule mfuko huo, Save the Children, ulitangazwa rasmi katika ukumbi wa Royal Albert. Wapo waliokuja na hasira, wakiwaona akina bibi hawa kuwa wasaliti wanaotaka kuwalisha watoto wa watu waliowaua vijana wao. Na tuseme kweli, hasira yao haikuwa ya bure. Karibu kila nyumba ilikuwa na msiba.

Eglantyne hakuwakemea. Aliwaonyesha. Mfuko ulilipia matangazo ya ukurasa mzima magazetini, jambo ambalo wengine waliliona ni ufujaji wa sadaka. Njaa ilipoingia Urusi mwaka 1921, meli iitwayo Torcello ilipeleka tani 600 za misaada, na magazeti mengine yakapinga kuwalisha watu wa nchi ya Wabolsheviki. Mfuko ukapiga picha za senema huko huko kwenye njaa, ukazionyesha kumbini, watu wakajionea watoto na chakula kinavyowafikia. Alitaka kila mtoaji ajue fedha yake imefanya nini.

Mwaka 1923 aliandika tamko fupi la haki za mtoto, lenye vifungu vitano, na mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa likalipitisha. Aliumwa kwa miaka mingi, akafariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na miaka 52. Miaka mitatu baadaye, 1931, wenzake waliitisha mjini humo mkutano juu ya watoto wa Afrika, na Jomo Kenyatta alikuwa miongoni mwa waliohudhuria.

Sasa jambo letu. Mkutano wa Jumapili utajadili ombi la karo ya watoto wawili wa jamaa yetu aliyejitoa katika jumuiya hii akiwa na deni la ada, tena kwa maneno makali. Nami ni mmoja wa walioyapokea maneno hayo, na bado yananiuma. Kura yangu naitoa hapa, mbele yenu nyote: watoto walipiwe, na mweka hazina atuletee risiti za shule.