Lumumba: Jina la karani wa posta lililovuka mipaka ya Congo

Mtoto aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe mkoani Kasai, hakuitwa Patrice Lumumba. Jina lake la awali lilikuwa Okit'Asombo, ambalo kwa Kitetela hufasiriwa kuwa mrithi wa waliolaaniwa. Jina ambalo dunia ilikuja kumjua kwalo alianza kulitumia ujanani, kabla hajawa na cheo chochote, na kabla mtu yeyote nje ya Kasai hajawa na sababu ya kuuliza yeye ni nani.

Patrice ni umbo la Kifaransa la Patricius, neno la Kilatini lililotumika kwa watu wa koo za mabwana katika Roma ya kale. Ndilo pia lililowapa Waingereza jina Patrick. Kwa mtoto wa mkulima aliyesoma katika shule za misheni, za Kimethodisti na za Kikatoliki, lilikuwa jina la makuu, ingawa katika Congo ya Wabelgiji jina la Kizungu halikumtoa Mwafrika mahali alipowekwa. Afisa wa kikoloni alimwita mwenye jina hilo kwa nafsi ya umoja ambayo Wafaransa huitumia kwa watoto na watu wa chini, hata kama aliyeitwa alikuwa baba wa familia.

Kutoka Kasai kijana huyo alikwenda Kindu, akafanya kazi katika kampuni ya madini, kisha akahamia Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, akawa karani wa posta. Hiyo ilikuwa Congo ya Kiswahili, na lugha hiyo aliizungumza pamoja na Kitetela, Kilingala na Kifaransa. Aliandika magazetini, akaongoza vyama vya wasomi Waafrika, na mwaka 1954 akapata hati ya kutambuliwa na serikali kuwa Mwafrika aliyestaarabika. Mwaka 1956 alikamatwa kwa tuhuma za kutumia fedha za posta, akafungwa. Alipoachiwa alihamia Léopoldville na kuuza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimfikisha katika mabaa ya mitaa ya Waafrika, na umati uliomsikiliza ulikua haraka kuliko Wabelgiji walivyotarajia.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Oktoba 1958 alishiriki kuunda chama cha MNC, na Desemba mwaka huo alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika mjini Accra. Mei 1960 chama chake kiliongoza katika uchaguzi. Tarehe 30 Juni 1960, akiwa waziri mkuu, alisimama mbele ya Mfalme Baudouin akataja hadharani kazi za kulazimishwa, matusi na ile nafsi ya umoja. Siku chache baadaye jeshi liliasi, Katanga ikajitenga, na Septemba rais Kasa-Vubu akamfuta kazi. Alizuiliwa nyumbani, akatoroka, akakamatwa tena kando ya Mto Sankuru. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga, akapigwa risasi usiku huo pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na umri wa miaka 35. Mwili wake baadaye ulikatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali, ili pasiwe na kaburi.

Jina halikuyeyuka. Habari za kifo zilipotangazwa tarehe 13 Februari, waandamanaji walizivamia balozi za Ubelgiji mjini Cairo na Belgrade, na katika Afrika Mashariki wazazi walianza kuwaita Lumumba watoto wao wa kiume waliozaliwa siku hizo. Hawakuwa Watetela, na wengi wao hawakuwahi kufika Congo. Walichukua jina ambalo kwao halikuwa la ukoo wala la mtakatifu, wakalifanya jina la kwanza. Mwanasheria mashuhuri wa Kenya anayelibeba, Patrick Lumumba, alizaliwa mwaka 1962. Lumumba Di-Aping wa Sudan alizungumza kwa niaba ya nchi zinazoendelea katika mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009. Huko New York, Anthony Coston alijipa mwenyewe jina la Lumumba Shakur, akawa miongoni mwa viongozi wa Black Panther.

Nchini Congo mambo yalikwenda kwa njia iliyopinda zaidi. Mobutu, ambaye jeshi lake lilimkamata Lumumba, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966. Miaka sita baadaye, chini ya siasa ya kurejea asili, raia wa Zaire waliamriwa kuacha majina ya Kikristo, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kwa hiyo shujaa alibaki kwenye barabara kuu inayotoka uwanja wa ndege wa Ndjili, lakini mtoto aliyezaliwa mwaka 1973 hakuweza kuandikishwa Patrice. Ni vigumu kupata mfano bora wa serikali inayomheshimu mtu na kulifuta nusu ya jina lake. Watoto wake wakubwa wakati huo walikuwa wamelelewa Misri, chini ya ulinzi wa Nasser. Guy-Patrice, aliyezaliwa baada ya kifo cha baba yake, aligombea urais mwaka 2006 bila mafanikio.

Katika Tanzania na Kenya, wimbi la kuwaita watoto Lumumba lilipungua kadiri mashujaa wapya walivyojitokeza. Hata hivyo jina lilihama tu. Kwa desturi ya mtoto kufuatisha jina la baba, akina Lumumba wa miaka ya 1960 sasa wanasomeka kama jina la pili au la tatu katika vyeti vya watoto na wajukuu wao. Pia limebaki katika Mtaa wa Lumumba jijini Dar es Salaam, shule ya sekondari ya Lumumba Zanzibar na barabara ya Lumumba mjini Kampala. Chuo kikuu cha Moscow kilichopewa jina hilo mwaka 1961 kililiacha mwaka 1992, kikalirudisha mwaka 2023. Nchini Ujerumani limeangukia kwenye kinywaji cha kakao ya moto yenye ramu, na wapo wanaotaka liondolewe humo.

Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja, ambalo afisa wa polisi aliyeshiriki kuuharibu mwili alikuwa amelitunza kwa miongo kadhaa. Jeneza lilipelekwa kwanza Onalua, ambayo tangu 2013 imo ndani ya mji uitwao Lumumbaville, kisha likapitishwa Kisangani na Lubumbashi. Tarehe 30 Juni lilizikwa Limete, Kinshasa.