Emanuel Ringelblum, mwalimu aliyeficha historia chini ya udongo

Wachimbaji wa Katanga wanajua kazi ya kushuka chini na kutafuta kitu kisichoonekana. Wanatafuta shaba, wanatafuta kobalti. Ku Warszawa, muji mukubwa wa Polandi ambao Wafaransa wanaita Varsovie, mwezi wa Septemba 1946 watu walichimba pia, chini ya matofali ya nyumba zilizobomolewa, na kitu walichotafuta kilikuwa makaratasi. Mutu aliyeyakusanya alikuwa amekufa miaka miwili na nusu mbele. Jina lake Emanuel Ringelblum.

Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1900 ku Buczacz, muji mudogo uliokuwa wakati ule chini ya kaisari wa Austria, na leo uko ndani ya inchi ya Ukraina. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Vita ya 1914 ilipofika, jamaa yao ilikimbia mpaka ku Nowy Sącz. Kijana alipokwenda Warszawa alitaka kusoma udaktari, lakini hawakumupokea. Njo akashika masomo ya historia, na mwaka 1927 universite ikamupa cheo cha dokta juu ya kazi aliyoandika kuhusu Wayahudi wa Warszawa tangu mwanzo mpaka mwaka 1527. Alifundisha historia ku masomo ya wabinti, akaoa Judyta, na mwaka 1930 wakazaa mutoto mwanaume, Uri.

Alikuwa musosialisti, mutu wa chama cha wafanyakazi. Alisema historia haiko paka ya wafalme na majenerali. Fundi viatu ana historia, mubeba mizigo ana historia, na mama anayeuzisha mboga sokoni vilevile. 

Mwisho wa Oktoba 1938 serikali ya Hitler ilifukuza Wayahudi 17,000 waliokuwa na makaratasi ya Polandi. Maelfu kati yao wakabaki ku mupaka, ku Zbąszyń, wamelala ndani ya mazizi ya farasi, baridi ikiwapiga. Ringelblum alitumwa kule kupanga chakula na malazi. Alikaa wiki tano. Muchana alitafuta blanketi na supu, na katikati ya kazi ile aliuliza watu namna mambo yalivyowapata, akaandika majibu. Kumbe kazi ya maisha yake ilikuwa imeanza pale.

Agosti 1939 alikuwa Geneva, inchi ya Uswisi, ku mukutano. Vita ilikuwa mulangoni, na wenzake wengine waliamua kutorudi. Yeye alizunguka inchi mingi na kurudi Warszawa. Siku chache kisha, tarehe 1 Septemba, Wajerumani wakaingia Polandi.

Warszawa iliposhindwa, Ringelblum akawa kati ya viongozi wa musaada: jiko za supu, komite ya kila nyumba, nguo za watoto. Biro zao zilikuwa ku Tłomackie, ndani ya jengo la Bibliyoteke Kubwa ya Wayahudi, ni kusema nyumba kubwa ya vitabu. Jengo lilikuwa lingali jipya, lakini vitabu vyenyewe Wajerumani walikuwa wamevibeba. Musomaji alishike jengo hili, tutalirudilia.

Novemba 1940 Wajerumani wakafunga geto. Watu zaidi ya 400,000 walizungushiwa ukuta, ndani ya fasi ya kilometa za mraba zaidi kidogo ya 3. Posho iliyoruhusiwa haikuweza kuponyesha hata mutoto mudogo. Mwenye franga alinunua vya magendo, na vitoto vya miaka saba ao minane vilipenya mashimo ya ukuta kuleta viazi. Mbele ya kuanza kupeleka watu ku kambi za kuua, zaidi ya 80,000 walikuwa wamekwisha kufa na njaa na tifus.

Mwezi ule ule wa Novemba Ringelblum aliita watu wachache wa siri. Walikutana siku za posho, siku ya Sabato, ndiyo maana wakajiita Oyneg Shabes, maana yake furaha ya Sabato. Jina lile lilikuwa kifuniko: mutu akilisikia angefikiri ni wazee wanaokula keki na kuimba. Ndani yao mulikuwa walimu, rabi mumoja, waandishi, watu wa hesabu, wanamuke na wanaume, vijana wa vyama. Mwandishi Rachel Auerbach alikuwa mukubwa wa jiko la supu, na aliandika ginsi watu waliokuja kula walivyokufa mumoja mumoja ijapokuwa supu ile.

Walikusanya nini? Kila kitu. Matangazo ya Wajerumani yaliyobandikwa ku ukuta, karata za posho, tiketi za tramu, karatasi za bonbon, barua za watu waliofukuzwa vijijini, insha za watoto wa masomo, hata vichekesho watu walivyosimulia wakingojea mukate. Ringelblum alifanya maulizo yaliyopangwa vizuri na kuyagawa kwa watu wake. Juu ya jambo moja alitaka mashahidi wengi: tajiri, masikini, kijana, muzee. Alitaka waandike kwa maneno ya kawaida, bila kupamba, na waandike sasa, mbele mwisho haujajulikana, sababu mutu akijua mwisho anabadilisha mwanzo. Karatasi zenye maana zilinakiliwa mara mbili, tatu.

Kitu kimoja kinanishangaza kupita vyote. Mutu huyu hakuficha aibu ya watu wake. Polisi Wayahudi waliopiga ndugu zao fimbo, wakubwa waliokula rushwa, matajiri waliokula mugahawani na maiti imelala njiani: yote iliandikwa. Wengine wangesema vitu hivi tuvinyamazie, tuko tunateswa. Yeye aliona kama ukificha kimoja, adui atasema vingine vyote ni uongo.

Mwanzo wa 1942 mutu mumoja alifika Warszawa akitoka Chełmno. Alikuwa amelazimishwa kule kuchimba makaburi. Aliona namna Wajerumani walivyofungia watu ndani ya kamyo na kuwaua na moshi wa mashini, na kati ya maiti aliona watu wa kwao. Alitoroka mwezi wa Januari. Karani wa Oyneg Shabes, Hersz Wasser, na muke wake Bluma walikaa naye, wakaandika neno kwa neno. Ripoti ilipita kwa Wapolandi wa siri mpaka London. Mwezi wa Juni radio ya London ikatangaza kama Wayahudi 700,000 wamekwisha kuuawa Polandi. Ringelblum alifurahi sana siku ile, akaamini dunia itaamuka. Huyu shahidi mwenyewe aliuawa mwaka ule ule.

Tarehe 22 Julai 1942 Wajerumani walianza kupakia watu wa geto ku treni. Ndani ya miezi miwili walipeleka karibu 265,000 Treblinka, kufa na gazi. Mwanzo wa Agosti, treni zikiendelea, mwalimu Izrael Lichtensztajn na vijana wawili, Dawid Graber wa miaka 19 na Nahum Grzywacz wa miaka 18, walishuka ndani ya kelari ya masomo, ku njia Nowolipki namba 68. Waliweka makaratasi ndani ya masanduku 10 ya bati, wakachimba, wakafukia. Mbele ya kufunga, kila mumoja aliandika kidogo juu yake mwenyewe na kuweka ndani. Lichtensztajn aliomba watu wakumbuke muke wake, aliyekuwa muchoraji, na mutoto wao mwanamuke Margolit. Hakuna kati yao aliyepona. Februari 1943 wakafukia sehemu ya pili pale pale, ndani ya mabido mawili ya maziwa.

Ringelblum alitoka geto na muke na mutoto, wakajificha ku njia Grójecka, ndani ya shimo lililochimbwa chini ya nyumba ya vioo ya kupandia mboga. Mwenye shamba alikuwa Mpolandi, Mieczysław Wolski. Watu karibu 40 walilala mule, kama ndani ya galeri bila hewa. Aprili 1943 Ringelblum alirudi geto, akakutana na vita ya vijana walioasi. Wakamukamata na kumupeleka kambi ya Trawniki. Mwanaume mumoja wa reli, Mpolandi, na mwanamuke mumoja Muyahudi walimutoa kule kwa ujanja, amevaa nguo za mutu wa reli. Akarudi ndani ya shimo, na kule chini akaendelea kuandika.

Tarehe 7 Machi 1944 shimo liliuzwa kwa Wajerumani. Wote wakapelekwa gereza la Pawiak. Mufungwa mumoja aliyepona alisimulia kama mafundi waliokuwa ndani ya gereza walitafuta njia ya kumuingiza kati ya wafanyakazi wao. Ringelblum aliuliza kama muke na mutoto watapona naye. Haikuwezekana, akakataa. Siku chache nyuma wakapigwa risasi wote, Uri vilevile, aliyekuwa na miaka 13. Wolski na muwa wa jamaa yake, Janusz Wysocki, nao waliuawa.

Kati ya watu 50 hivi ao 60 wa Oyneg Shabes, waliopona ni watatu tu: Rachel Auerbach, Hersz Wasser na Bluma. Auerbach hakunyamaza mpaka watu wakakubali kuchimba. Geto yote ilikuwa kilima cha matofali, hata njia hazikujulikana. Tarehe 18 Septemba 1946 wakapata masanduku 10. Mayi yalikuwa yameingia, karatasi zimeshikana kama udongo wa mufinyanzi, wakazikausha moja moja. Mabido ya maziwa yalipatikana tarehe 1 Desemba 1950, na wafanyakazi wa kujenga waliokuwa wakichimba musingi. Ya ndani yalikuwa yamebaki mazuri.

Leo makaratasi hayo, kurasa karibu 35,000, yako Warszawa ndani ya jengo lile lile la Bibliyoteke Kubwa, ku Tłomackie. Zaidi ya mabuku 30 yamechapwa kutoka ndani yake, na mwaka 1999 UNESCO iliyaandika kati ya kumbukumbu za dunia. Wanazi waliua Wayahudi karibu milioni 6, na kuna watu mpaka leo wanaosema ni hadisi. Mutafiti anaomba faili, anasoma tangazo la Wajerumani, anaweka pembeni yake barua ya mama aliyesoma tangazo lile asubuhi ile, na karata ya posho ya mutoto wake. Vitu vitatu, mikono mitatu, siku moja. Ni vigumu kubishana navyo.

Fasi zingine hakuna aliyepata wakati wa kuandika. Wazee wa Lubumbashi wanawakumbuka wafanyabiashara Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, walioingia Katanga mbele ya vita na kujenga sinagogi yao hapa. Jamaa zao waliobaki kisiwani walikusanywa Julai 1944, wakatiwa ndani ya mashua, na katikati ya Agosti walifika Auschwitz. Walikuwa zaidi ya 1,600. Waliopona ni karibu 150. Wiki chache tu, basi. Kule hakukuwa kikundi cha Sabato wala sanduku la bati, na mutafiti anabaki na ushuhuda wa wale wachache, na orodha za majina.

Kulikuwa pia sehemu ya tatu ya makaratasi ya Ringelblum. Inasemekana ilifukiwa ku njia Świętojerska mbele kidogo ya vita ya Aprili 1943. Fasi ile leo ni kiwanja cha ubalozi wa China. Wamechimba pale, na sehemu ile haijapatikana mpaka sasa.