Mwalimu Nyerere: Jirani Aliyekataa Mto wa Shags Zenu Uombewe Ruhusa Cairo

Kama shags zenu ni Nyatike, Macalder ama Kendu Bay, kuna story ya mto wenu pengine hakuna mtu amewahi kukupigia.

Cheki hivi. Mto Kuja unatoka milima ya Gusii, unapita Migori na kuingia Ziwa Victoria. Awach Kibuon na Awach Tende za Homa Bay pia zinaishia kwa hilo ziwa. Ziwa nalo linamwaga maji pale Jinja, Uganda, na hapo ndipo jina linabadilika kuwa Nile, mpaka Misri. Kumaanisha huo mto wa nyuma ya boma ni Nile, ni vile tu bado ni mtoto.

Sasa skia. Tarehe 7 Mei 1929, Uingereza na Misri walibadilishana barua. Walikubaliana kwamba bila Misri kusema sawa, hakuna kazi ya umwagiliaji ama umeme itafanywa kwa Nile, matawi yake ama maziwa yake, kama itapunguza maji yanayofika Misri, kuyachelewesha ama kuyashusha. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Mwingereza, kwa hivyo zikafungwa. Babu yako hakuulizwa kitu.

Halafu 1959, Misri na Sudan wakakaa chini wawili tu na kugawana: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Sisi wa huku juu tukawekewa ngapi? Sufuri.

Kati ya majirani watatu wa Ziwa Victoria, wa kwanza kusema hapana alikuwa Tanganyika. Na idea ilitoka kwa msee aliyezaliwa si mbali na Migori.

Mtoto wa Butiama

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa 13 Aprili 1922, Butiama. Ukivuka pale Isebania uingie Sirare, ufuate barabara ya Musoma, uko njia ya kwao. Babake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, lakini usidhani kijana alilelewa kama mdosi. Alichunga mifugo kama watoto wengine, na shule alianza akiwa na miaka 12, huko Musoma.

Kichwa kilikuwa moto. Alienda Tabora, akaingia Makerere, akarudi kufunza. Hapo ndipo jina Mwalimu lilianzia. 1949 akaenda Edinburgh, Scotland, na aliporudi 1952 alikuwa na digrii. Miaka miwili baadaye akaongoza kuundwa kwa TANU, na 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru yeye akiwa Waziri Mkuu.

Shika kitu moja kuhusu kwao. Mto Mara unaanzia Msitu wa Mau hapa Kenya na kuingia ziwani karibu na Musoma. Yaani watu wa kwao wanakunywa mto unaoanzia kwetu. Tutairudia.

Miaka miwili, tuongee

Siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu alisimama bungeni na kueleza vile nchi mpya itafanya na mikataba ya mkoloni. Msimamo wake ulikuwa simple. Nchi ikizaliwa hairithi kila deni la yule aliyekuwa anaitawala. Lakini pia hakuchoma makaratasi yote siku moja. Kwa mikataba ya nchi na nchi, alitoa miaka miwili ya kukaa na kuongea upya. Ile ambayo haingekubaliwa upya ndani ya huo muda ingekufa, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa yenyewe ingeibakisha hai.

Tarehe 4 Julai 1962, serikali ya Tanganyika ikaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mambo ya 1929 hayaifungi. Enyewe, wakati huo Mwalimu hakuwa kwa kiti. Alikuwa amejiuzulu Januari ajenge chama, na Rashidi Kawawa ndiye alikuwa Waziri Mkuu. Mwalimu alirudi Desemba akiwa Rais. Lakini dunia nzima iliuita huo msimamo kwa jina la Nyerere, na mpaka leo wanafunzi wa sheria wanausoma. Kenya ilipopata uhuru 1963, nayo ikafuata njia hiyo ya miaka miwili. Cairo haikukubali.

Usidhani alikuwa malaika

Hapa ndipo story inashika moto. 1964, viongozi wa Afrika walikutana huko huko Cairo, na Mwalimu ndiye aliwasilisha hoja kwamba mipaka ya mkoloni iachwe vile iko. Kama kila nchi ingeanza kusukuma mpaka wake, bara lote lingewaka. Lakini 1967 ramani hizo zikamuuma mwenyewe. Malawi chini ya Kamuzu Banda ilishikilia mstari wa mkoloni unaoweka mpaka ufukweni upande wa Tanzania, kumaanisha maji ya Ziwa Nyasa upande huo ni ya Malawi. Mwalimu alitaka mpaka upite katikati ya maji. Wakakosana, na hiyo kesi haijaisha.

Kisha kuna Mto Kagera. 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi waliunda shirika la kuendeleza bonde la huo mto. Mwaka uliofuata, Oktoba, Idi Amin akavamia, akadai ardhi yote mpaka Kagera ni yake, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi la Tanzania lilijibu, na 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. 1981, Amin akiwa ameshatoroka, Uganda ikajiunga na lile shirika. Mto ni ule ule. Kwanza meza, kisha damu, kisha meza tena.

Na watu wa South Nyanza, wilaya ambayo baadaye ilitoa Migori na Homa Bay, wana yao ya kusema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Mwalimu alifunga mpaka na Kenya. Wakuria wako pande zote mbili, Wajaluo pia. Mstari uliokuwa tu kwa ramani ukawa ukuta kati ya jamaa na jamaa mpaka 1983.

Siku moja kabla

Februari 1999, nchi za Nile zilizindua mpango wa kushirikiana, na mji ulikuwa Dar es Salaam. Mwaka huo huo, 14 Oktoba, Mwalimu alifariki London kwa saratani ya damu.

2010 mkataba mpya wa Bonde la Nile ukafunguliwa Entebbe. Misri na Sudan wakaukataa. Kenya ilisaini Mei mwaka huo. Mkataba ulianza kufanya kazi 13 Oktoba 2024, siku moja kabla ya kutimia miaka 25 tangu Mwalimu aage. Nchi sita zilikuwa zimeuridhia: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini.

Umeona Kenya hapo? Haikuwa. Tulisaini, hatukumaliza.

Na hii si story ya wazee wa suti. Mradi wa Kimira-Oluch huko Homa Bay unanyweshea mashamba kutoka Awach Kibuon na Awach Tende. Nyatike nako kuna mashamba ya mpunga yanayokunywa Kuja. Mfereji kama huo ndio barua ya 1929 ingetaka uombewe ruhusa mbali sana.

Sasa rudi kwa Mto Mara. Huko Kenya ndiyo iko juu, na wa Musoma ndio wako chini. Tukikata Mau ama tuzuie maji, sisi ndio tunakuwa wale wanaopanga mto bila kuuliza jirani. Njia ya Mwalimu inauma pande zote mbili: usikubali kufungwa na karatasi usiyoisaini, lakini mpe jirani muda na kiti muongee.

Mheshimiwa wenu akipita hapo kutafuta kura, muulize swali moja: ule mkataba wa Nile tunaumaliza lini?