Alexander Luria, munganga wa askari walioumia ubongo

Askari anapigwa risasi kichwani, kidonda kinapona, lakini hawezi tena kusoma barua ao kutaja jina la kijiko. Nyumbani wanasema tu: akili imepotea. Alexander Luria alikatala jibu hilo maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1902 mu mji wa Kazan, inchi ya Urusi. Baba yake alikuwa munganga. Akiwa kijana huko Moscow, alipima watu walioshukiwa makosa makubwa: aliwatajia neno, nao wajibu mbio neno lingine huku wakifinya kitu kwa mkono. Neno lenye kugusa kosa lilivuruga mkono. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1932.

Vita ilipofika kwao mwaka 1941, alipewa kusimamia hospitali kule milima ya Ural, ya askari walioumia ubongo. Mashine za leo za kupiga picha ya ubongo hazikuwepo. Yeye alitumia karatasi, kalamu, picha na maswali: andika jina lako, rudilia sauti hizi, funga ngumi, simamisha kiganja, kilaze.

Humo njo aliona jambo kubwa. Askari wawili wanashindwa kuandika, lakini sababu si moja. Wa kwanza hatofautishi tena sauti ya b na ya p. Wa pili anasikia vizuri, ila mkono wake unakwama kwenye herufi moja. Ukiwapa zoezi moja, hautasaidia wote.

Kulikuwa luteni mmoja aliyeumia mwaka 1943. Kuandika herufi kwa herufi kulimshinda. Lakini alipoachilia mkono uende bila kuinua kalamu, neno lilitoka. Aliandika hivyo miaka mingi, kurasa karibu 3,000, hata kama kuzisoma kulimtesa sana.

Mwaka 1950, siasa za wakati wa Stalin zilimtoa Luria kwenye taasisi ya upasuaji wa ubongo. Akaenda kwa watoto: kutenganisha mwenye ubongo ulioumia na yule aliyebaki nyuma masomoni kwa sababu zingine, ili asiitwe mjinga bure. Kisha miaka kadhaa alirudilia kazi ya ubongo.

Alikufa Moscow mwaka 1977. Hata leo, munganga akimwambia mgonjwa afunge ngumi, asimamishe kiganja, akilaze, anafuata njia ya Luria: kwanza kutafuta ni nini kimeharibika, na ni nini kimebaki kizima cha kuanzia.