Bert Bell: Bwana Aliyewapa Wanyonge Zamu ya Kwanza

Kwetu Pwani ukitaja drafti, kila mtu huona ubao wa miraba, vifuniko vya soda, na wazee wawili barazani wakilana kete. Leo, msomaji mpenzi, nataka kukusimulia habari za drafti nyingine, na za bwana aliyeibuni, marehemu Bert Bell wa Philadelphia, Marekani. Hiyo ni drafti ya kuchagua wachezaji. Kila mwaka timu kubwa za kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, na timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo hupewa zamu ya kwanza ya kuchagua.

Mimi ni mshabiki wa mchezo huo tangu siku binamu yangu, aliyekuwa baharia, aliponiletea kofia ya timu ya Eagles. Nimekesha usiku mwingi kwa sababu ya kofia ile, na wenzangu wamenicheka vya kutosha. Walakini kisa cha Bell kilinigusa kwa jambo lililonipata hapa hapa nyumbani. Zamani nilikuwa katibu wa timu moja ya mtaa. Tulikuwa na kijana wa winga ya kushoto, tukamlea misimu mitatu, viatu vyake vikinunuliwa kwa mchango wa kupitisha kofia. Siku moja akaja mtu wa timu yenye pesa, ana bahasha mfukoni, na jioni ile ile kijana akaenda zake. Sikumlaumu, kwani kwao kulikuwa na njaa. Lakini tangu hapo naujua uchungu wa timu inayolima shamba na mavuno yakaliwa na jirani.

Bell hakuzaliwa mnyonge. Alizaliwa Philadelphia tarehe 25 Februari 1895, jina lake kamili De Benneville Bell. Baba yake alipata kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Pennsylvania, na nyumba yao ilikuwa ya watu wenye nafasi. Kijana akaingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania akawa kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi, na uwanja wake ulikuwa Franklin Field. Uwanja huo uweke akilini, msomaji, tutaurudia. Mnamo 1917, siku ya mwaka mpya, alicheza na wenzake huko California katika Rose Bowl, wakafungwa na Oregon 14 kwa 0. Halafu ikaja vita, akahudumu Ufaransa katika kikosi cha hospitali.

Aliporudi aliishi maisha ya mtoto wa tajiri: pombe, farasi wa mashindano na kamari. Soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929, fedha zake nyingi zilikwenda na maji. Aliyemwokoa ni mwanamke, Frances Upton, mwigizaji maarufu wa majukwaa ya New York. Kwa ajili yake Bell aliacha pombe, na hakuirudia tena. Wakaoana mwaka 1934. Lakini hata kabla ya harusi, bibi huyo alikuwa amekwisha mkopesha fedha za kununulia timu, maana mwaka 1933 Bell na rafiki yake Lud Wray walilipa dola 2,500 wakapata haki ya kuanzisha timu mjini Philadelphia. Wakaiita Eagles. Mchezo wao wa kwanza walipigwa na Giants wa New York 56 kwa 0.

Ligi siku zile ilikuwa kama soko la samaki, mwenye fedha hupata nguru na wengine hubaki na dagaa. Kuanzia 1929 hadi 1934 ubingwa haukutoka katika mikono ya timu tatu: Green Bay mara tatu mfululizo, Chicago Bears mara mbili, kisha Giants. Kijana hodari akimaliza chuo hujiuzia mwenyewe, na kwa nini aende kwa timu inayofungwa na isiyolipa? Bell alimtaka sana Stan Kostka, mchezaji mwenye nguvu kutoka Minnesota. Akapanda dau, wengine wakapanda zaidi, na mwishowe Kostka akaenda Brooklyn. Bell akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi wa Mei 1935, wenye timu walipokutana, alisimama akawaeleza shauri lake. Mnyororo, alisema, hauna nguvu kuliko pete yake iliyo dhaifu, na timu dhaifu zikifa hata zenye nguvu zitakosa wa kucheza nao. Basi majina ya vijana wote yawekwe pamoja, na aliye mwisho achague kwanza. La ajabu ni kwamba George Halas wa Bears na Tim Mara wa Giants, ambao ndio waliokuwa na cha kupoteza, walikubali. Nimeishi miaka hamsini na kitu na sijaona mara nyingi mwenye shibe akikubali kuwa wa mwisho kutia mkono sahanini.

Drafti ya kwanza ilifanyika tarehe 8 Februari 1936 katika hoteli ya Ritz-Carlton, Philadelphia. Majina yaliandikwa ubaoni, na vijana 81 wakachaguliwa kwa mizunguko tisa. Kwa kuwa Eagles ndiyo iliyoshika mkia, zamu ya kwanza ilikuwa ya Bell mwenyewe. Akamchagua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mchezaji bora wa vyuo vyote mwaka ule, wa kwanza kupata kikombe ambacho baadaye kiliitwa Heisman. Kisha akagundua kuwa hawezi kumlipa. Akaiachia Bears haki ya kumchukua kwa kubadilishana, na Halas naye akaona bei ya kijana ni kubwa mno. Berwanger akaenda zake kuuza sponji, asicheze ligi ile maisha yake yote. Bell alichagua wachezaji tisa siku ile, na hakumpata hata mmoja.

Tazama sasa Giants, timu iliyokuwa imeshiba. Kijana wa mwenye timu, Wellington Mara, alikuwa na miaka 19 tu, lakini alikuwa akinunua magazeti ya miji mbalimbali na kuandika majina ya wachezaji mmoja mmoja. Katika mzunguko wa pili wakamchukua Tuffy Leemans, na msimu ule ule Leemans akawapita wote katika ligi kwa kukimbia na mpira. Zamu ya kwanza alikuwa nayo Bell, lakini daftari lilikuwa kwa Mara.

Hapa ndipo ninapobishana na vijana wa barazani. Wao hudhani timu ikiwa mbovu vya kutosha, drafti itaitengeneza. Chuoni nilikosoma Kurani, maalimu wetu alikuwa na desturi ya kumwita kwanza mwanafunzi aliye nyuma, ili asomeshwe asubuhi akili ingali na umande. Ilikuwa huruma na ilikuwa hekima. Lakini kuna wenzangu walioitwa kwanza mwaka mzima na juzuu haikusogea, kwa sababu nyumbani hapakuwa na taa ya kudurusia.

Mwaka uliofuata Eagles walichagua kwanza tena. Wakamchukua Sam Francis wa Nebraska, halafu wakambadilisha kwa Bears. Nyuma yake, nafasi ya sita, alikuwapo Sammy Baugh wa Texas, mrushaji wa mpira ambaye mfano wake haukuwa umeonekana. Akachukuliwa na timu iliyokuwa ikihamia Washington, na mwaka ule ule wa 1937 akawapa ubingwa. Mimi nasema wazi: hilo lilikuwa kosa la Bell, wala si bahati mbaya. Mwaka 1939 alimpata Davey O'Brien, kijana mfupi mwenye mkono wa ajabu, lakini hakuwa na watu wa kumlinda. Baada ya misimu miwili ya kupondwa O'Brien akaacha mpira, akajiunga na polisi wa upelelezi wa serikali, FBI. Kito umekipata, sanduku la kukitilia huna.

Bell alikuwa mwenye timu, kocha, na mwuza tikiti. Alipokuwa kocha, kuanzia 1936 hadi 1940, Eagles walishinda michezo 10, wakashindwa 44, wakatoka sare 2. Baadaye yeye na rafiki yake Art Rooney wa Pittsburgh walibadilishana timu na tajiri kijana, Alexis Thompson, na Bell akajikuta Pittsburgh na Steelers. Huko aliongoza michezo miwili ya mwaka 1941, akashindwa yote miwili, akang'atuka ukocha. Eagles aliowaacha wakamchagua Steve Van Buren mwaka 1944, wakawa mabingwa 1948 na 1949.

Mtu wa namna hii ndiye waliyemfanya kamishna wa ligi nzima mwezi wa Januari 1946, na hapo akawa simba. Mwaka ule ule, kabla ya fainali, wachezaji wawili wa Giants walifuatwa na mcheza kamari aliyetaka kuwahonga, nao hawakutoa habari. Bell, aliyejua kamari kwa kuiishi, aliwafungia wote wawili. Ratiba ya ligi aliipanga mwenyewe nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, akiwakutanisha wanyonge kwa wanyonge katika majuma ya kwanza ili matumaini yasife mapema. Imani yake ilikuwa kwamba Jumapili yoyote ile timu yoyote iweze kuishinda nyingine. Na kuanzia 1947 aliongeza kura: kabla ya zamu kuanza, jina la timu moja lilikuwa likichotwa kwa bahati, nayo ilikuwa ikichagua kwanza hata kama ni bingwa.

Nisimpake mafuta mengi. Drafti yake ilimpa haki mwenye timu, lakini ilimfunga mchezaji. Kijana hakuulizwa anataka kuishi mji gani, na akikataa hana pa kwenda, kama Berwanger. Ilichukua hadi 1957, mbele ya kamati ya bunge la Marekani, ndipo Bell akakubali kukitambua chama cha wachezaji. Tena kulikuwa na wanyonge ambao ubao ule wa 1936 haukuwaona kabisa. Tangu 1934 hadi 1945 ligi haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika drafti, George Taliaferro, alisubiri mpaka 1949. Wenye timu wa wakati ule, Bell akiwamo, wanastahili kuulizwa juu ya hilo.

Ukitaka kuona timu inavyojengwa upya, watazame Colts wa Baltimore. Bell ndiye aliyemshawishi Carroll Rosenbloom, ambaye zamani alimfundisha mpira chuoni, kuinunua timu hiyo mwaka 1953. Msimu wa kwanza walishinda michezo mitatu. Wa pili, wakiwa na kocha mpya Weeb Ewbank, vile vile mitatu. Hapana aliyemfukuza kocha. Mwaka 1954 walimchukua Raymond Berry katika mzunguko wa 20, wakati ambapo wengine wanatafuta kofia zao waende nyumbani. Mwaka 1955 kura ya bahati iliwaangukia, wakamchagua kwotabeki George Shaw, na baadaye siku hiyo hiyo Alan Ameche. Kisha wakaja Lenny Moore na Jim Parker, vijana weusi wawili wa mzunguko wa kwanza. Shaw akaumia mwaka 1956. Aliyekuwa akiba yake alikuwa Johnny Unitas, aliyechaguliwa na Steelers katika mzunguko wa tisa mwaka 1955 na kufukuzwa kabla ya msimu, akawa anacheza viwanja vya mitaani kwa dola 6 kwa mchezo. Baltimore walimwokota kama mtu anavyookota shilingi njiani. Tarehe 28 Desemba 1958 Colts na Giants walitoka 17 kwa 17 katika fainali, wakaingia muda wa ziada, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea katika fainali ya ligi hiyo. Unitas akaipeleka timu mbele hatua kwa hatua mpaka Ameche akaingia na mpira mstarini, 23 kwa 17.

Bell aliishi miezi tisa na siku chache baada ya hapo. Tarehe 11 Oktoba 1959 alikwenda Franklin Field, uwanja wa ujana wake, kuwatazama Eagles wakicheza na Steelers, timu mbili alizopata kuzimiliki. Hakupenda viti vya wakubwa, akaketi na watu wa kawaida kama ilivyokuwa desturi yake. Mchezo ulikuwa unakaribia kwisha moyo wake uliposimama. Alikuwa na umri wa miaka 64.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Desemba 1960, Eagles walikutana na Green Bay katika fainali, uwanja ni ule ule. Zikiwa zimesalia sekunde chache, Eagles wakiongoza 17 kwa 13, Jim Taylor wa Green Bay alikuwa akikimbilia mstari na mpira kwapani. Aliyemdaka na kumlaza chini ni Chuck Bednarik, mwana wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyechaguliwa mwaka 1949 kwa ile kura ya Bell, wakati Eagles wakiwa tayari ni mabingwa na hawastahili zamu ya kwanza. Alimlalia Taylor, hakumwachia, mpaka saa ikaisha.