Emil Kraepelin, daktari aliyehitaji mkalimani

Emil Kraepelin alizaliwa mwaka 1856 mjini Neustrelitz, Ujerumani. Akiwa daktari kijana alijifunza kwa Wilhelm Wundt, mjini Leipzig, namna ya kupima akili kwa majaribio.

Mwaka 1886 alikwenda kufundisha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Wagonjwa wake wengi walizungumza Kiestonia, naye hakukijua. Ilimbidi awasikilize kupitia mkalimani.

Baadaye, akiwa Heidelberg, alifuatilia wagonjwa kwa miaka, kila mmoja na kadi yake. Huko ndiko alikoeleza ugonjwa ambao mwaka 1908 Eugen Bleuler aliupa jina la skizofrenia. Mwaka 1904 Kraepelin alifika kisiwani Java, katika hospitali ya Buitenzorg, akaukuta huko pia. Kumbe haukuwa ugonjwa wa Ulaya peke yake. Lakini alikosea jambo moja: tofauti alizoziona kwa Wajava alizichukua kuwa ni uchanga wa akili.

Alifariki Munich mwaka 1926.

Leo nchini Malaysia kuna kipimo cha kumbukumbu kwa Kimalei. Mgonjwa husomewa maneno 15, kisha hutaja anayoyakumbuka. Hurudiwa mara tano. Ukisomewa kwa lugha usiyoielewa vizuri utashindwa, hata kama kumbukumbu yako ni nzima.

Ndugu msikilizaji, ukimpeleka mgonjwa hospitali, mweleze daktari ni lugha gani anayoielewa vizuri.