Machemba, Shujaa Aliyevuka Mto

Kwenye sinema tunazoangalia hosteli, shujaa wa vita lazima afe vizuri. Anapigwa risasi, muziki unapanda, anasema neno la mwisho, chumba kizima kinanyamaza. Sasa jaribu kumtengenezea Machemba sinema ya namna hiyo. Haitoki.

Machemba alikuwa mtawala wa Wayao kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ngome yake ikiwa Luagala, jirani na Newala. Nguvu yake ilikuwa misafara ya kwenda pwani. Na tusimpambe: misafara hiyo ilipeleka pembe za ndovu na mpira, na watumwa pia.

Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, ambaye Abushiri alishanyongwa chini ya utawala wake kule Pangani, alimtaka ashuke pwani kusalimu amri. Machemba akajibu kwa barua ya Kiswahili. Urafiki na biashara yuko tayari, ila kuanguka miguuni pa Mjerumani hapana, maana wote wawili ni viumbe wa Mungu. Kama Mjerumani anajiona ana nguvu, basi aje mwenyewe. Wakaja kweli, na mwanzoni vichaka vya uwanda ule viliwashinda.

Mwaka 1898 ikaanza kodi ya kibanda. Mwaka 1899 Wajerumani wakapanda tena kwa nguvu, na Luagala ikaanguka. Machemba akavuka Ruvuma na baadhi ya watu wake, akaingia Msumbiji.

Nilipokuwa TP huko Newala, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kama huko si kukimbia tu. Nikababaika, nikaangalia saa, nikawapa zoezi.

Leo ningemwambia hivi. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898, na tunamlilia mpaka leo. Kufa kwake kunaeleweka haraka. Lakini kuacha mihogo shambani na makaburi ya wazee, ukaanza upya ng'ambo ya mto ukijua wapo watakaokuita mwoga, hiyo nayo ni vita. Sinema ya vita yenye ukweli ingetulia pale ukingoni, bila muziki, kamera ikimwangalia mtu anayeumia na bado anatembea.

Aliandika kwamba hatapiga magoti, na hakupiga. Yule mwanafunzi sasa yuko kidato cha tatu. Bado ananidai jibu.